Mvi za Ukoo wa Mwalimu

Watu wengi waliomfahamu Mwalimu walidhani alizaliwa mzee. Nilipoingia kidato cha tano, katika shule moja ya Iringa ambako maji ya bomba asubuhi za Juni yanauma vidole, yeye alikuwa hajafika miaka arobaini, lakini kichwa chote kilikuwa cheupe. Tulimpisha mlangoni kama tunavyowapisha babu zetu. Siku ya kikao cha wazazi, wageni walimpita mkuu wa shule, aliyekuwa na kitambi na nywele nyeusi, wakaenda kumwamkia Mwalimu kwanza. Mkuu wa shule hakufurahi, na Mwalimu hakujisumbua kuwasahihisha.

Alitufundisha biolojia. Namwita Mwalimu tu kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomwita miaka yote, hata alipohamishiwa Mbeya tukawa majirani kwenye mtaa wa Soweto, mimi nikiwa tayari mtaalamu wa maabara katika hospitali mojawapo ya mjini. Yeye aliniita Zuhura mwanangu. Marehemu baba yangu, aliyekuwa na duka la vitenge Iringa mjini, alimpenda kwa sababu moja tu: alikuwa mwalimu pekee aliyemwambia waziwazi kwamba binti yake ana akili lakini ni mvivu.

Kila kitu alikianzia mwishoni. Gazeti alilifungua ukurasa wa nyuma. Mwanafunzi akimpelekea jibu refu, alisoma sentensi ya mwisho, akiona haijasimama analirudisha bila kusoma mengine. Sokoni akinunua kikapu cha milulu, vile vikapu vya nyasi vya Wahehe ambavyo watalii wanavigombania, hakutazama umbo wala mapambo. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo, pale msusi alipofungia kazi yake, na akikuta pamelegea anakirudisha. "Kikapu hakianzi kufumuka katikati," alisema. Wamama wauzaji walimjua, na wapo waliouficha ukingo kwa kiganja wakimwona anakuja.

Tabia hiyo aliileta darasani, na ndiyo iliyomfanya apende mada ambayo walimu wengine waliipita harakaharaka. Ndani ya kila seli yenu, alitwambia, kuna nyuzi ndefu za DNA zinazoitwa kromosomu, na kila uzi una ncha mbili. Ncha hizo zinaitwa telomea. Telomea haina maagizo ya kutengeneza macho wala pua. Kazi yake ni kuyalinda maagizo yaliyo ndani, na hata hiyo kazi haiwezi peke yake. Inakaliwa na protini, sita zikiwa kundi moja, zinazoificha ncha ili seli isije ikadhani uzi umekatika. Wanafunzi wa safu ya mbele, wale wa kuandika kila kitu, wakamwuliza kama hayo yatatoka kwenye mtihani.

"Hayatatoka," akajibu. "Leteni kamba."

Kamba zilikuwa za katani, aliazima kwa mtunza stoo. Alizilaza mbili uwanjani mbele ya maabara, akasema hizo ni kromosomu mbili za seli moja. Akachagua wanafunzi wa kushika ncha. Kila mmoja alipewa jina la protini, na majina yenyewe ni herufi na tarakimu, kwa hiyo tuliyapunguza yakawa ya mtaani. Kijana mmoja wa Makambako aliyeitwa POT1 siku ile anaitwa Poti hadi leo, na watoto wake shuleni wanaandikishwa kwa jina la Poti. Nafasi moja Mwalimu hakumpa mwanafunzi yeyote. Protini iitwayo TPP1 aliicheza mwenyewe kila mwaka. "Hii ndiyo mpokea mgeni," alisema. "Kazi yangu nyepesi, nashika mkono wa mgeni namwingiza ndani. Ninyi wengine shikeni kamba."

Mgeni alikuwa kimeng'enya kiitwacho telomerasi, ambacho huja kuirefusha ncha. Irefushwe kwa nini? Ndipo Mwalimu alipochukua panga. Kila seli inapojigawa, alieleza, mashine ya kunakili DNA haiwezi kukinakili kipande cha mwishomwisho, kwa hiyo ncha inapungua kidogo. Akaikata kamba ya serikali, chwaa, kipande cha urefu wa kidole. Seli ikajigawa tena, akakata tena. Seli nyingi za mwili hazina huyo mgeni wa kuzirefushia, ncha zao zinafupika mpaka walinzi wanakosa pa kushika, na hapo seli inaacha kujigawa. Zile zinazotakiwa kujigawa maisha yote, kama zinazotengeneza damu ndani ya mifupa, hupata mgeni kiasi, na zisipompata zinakwisha kabla ya mwenye nazo. Mtunza stoo alikuwa amesimama pembeni mikono kiunoni. Mwaka uliofuata alituletea kamba iliyokwisha kuoza.

Lakini sehemu tuliyoingoja ilikuwa ya fundi. Alichaguliwa kaka mkuu, pande la mtu, akaambiwa kazi yake ni kuunga kamba yoyote iliyokatika. Walinzi walipokuwa kwenye ncha zao, fundi alizunguka uwanja bila kazi. Kisha Mwalimu akawafukuza walinzi, yeye mwenyewe akaondoka nao. Fundi akaona ncha mbili tupu, akafanya alichoagizwa: akazifunga pamoja, fundo la nguvu. "Sasa seli inajigawa," Mwalimu akasema, na nusu ya darasa ikavuta kamba yake upande huu, nusu upande ule. Kamba zikakataa kuachana. Tulivuta mpaka tukachubuka viganja, ikakatikia mahali ambapo hapakuwa na fundo, na darasa zima likaanguka chali.

Tulicheka sana. Mwalimu alisubiri tunyamaze.

"Fundi hakukosea," alisema. "Alifanya kazi yake vizuri. Waliokosekana ni wa kumwambia kwamba hapa hapajakatika, hapa ndipo mwisho. Seli ikifika hapo, ama inakufa, ama inaharibika na kuendelea kujigawa hivyohivyo, na huo ndio mwanzo wa saratani nyingi."

Nimekutana na maelezo ya jambo hilo chuoni na kazini, kwa lugha nzito na kwa picha za rangi. Bado nikisoma habari za protini hizo naona uwanja ule na kaka mkuu akipiga fundo.

Mtu huyuhuyu aliyetufokea kwamba anayeumwa apimwe, yeye hakupimwa. Alikohoa kikohozi kikavu miaka yote, na shule nzima tuliamini ni vumbi la chaki. Yeye mwenyewe ndiye aliyelisema hilo kwanza, na alilisema vizuri mno kiasi kwamba walimu wengine waliokohoa mafua tu walijisingizia chaki. Kucha zake zilikuwa nyembamba, zimepasuka kwa urefu, nyingine zimebaki kipande tu. Alizificha kwa kukunja ngumi, na akiandika ubaoni alishika chaki kwa namna ambayo sisi tuliiona ya madaha. Nikiwa jirani yake Soweto nilimwambia mara kadhaa aje maabara nimtoe damu. "Zuhura mwanangu," alijibu, "ukimpima fundi cherehani utamkuta na suruali imechanika." Ndio mwisho wa mazungumzo, anaomba chai ya tangawizi.

Kuhusu mvi zake, ndiyo kabisa. Alizionea fahari. Mwalimu ni Mnyakyusa wa juu kule Rungwe, na katika ukoo wao, huo wa kwao tu, sisemi Wanyakyusa wote, kuwahi mvi ni heshima. Anayezipata kijana anaitwa kukaa na wazee kwenye shughuli na misiba, anaulizwa neno, anapewa nyama ya wazee. "Sisi hatungoji uzee," alipenda kusema, "uzee ndio unatufuata." Mwanawe wa kiume, Gwamaka, zilimtoka akiwa na miaka ishirini, na mwaka uleule akapewa kiti kwa wazee akiwa hajawahi hata kulipa kodi ya chumba. Binti yake wa mwisho, Tusajigwe, sote tukimwita Tusa, alianza kuwa nazo sekondari. Mwalimu alimwonyesha kwa wageni kama cheti.

Binti yake wa kwanza, Lugano, alitoka na nywele nyeusi za mama yake, na ni nyeusi mpaka leo. Kwenye shughuli za ukoo Lugano alikuwa jikoni. Mwalimu alimtania mbele za watu kwamba huyu ni wa mama yake, kwao amekuja kutembea tu. Utani wa nyumbani, nao una mipaka yake. Lugano alipokuwa msichana aliucheka, alipokua aliacha kuucheka, na baba yake hakuona tofauti. Aliolewa Ubaruku na mkulima wa mpunga, wana kamashine kao ka kukoboa, na Soweto alikuja kwa nadra. Mimi nilimpenda Mwalimu na bado nampenda, lakini jambo hilo lilinikera, na nilimwambia mkewe. Mama huyo, Mhehe mpole wa Tosamaganga asiyependa maneno mengi, aliniangalia tu akasema, "Unadhani sijamwambia?"

Tusa alipofikisha miaka kumi na tisa alianza kutoka damu kwenye ufizi. Mama alidhani ni mswaki mgumu. Kisha akawa anachoka kupanda kilima kidogo cha kwenda kanisani, michubuko ikamjaa miguuni, na siku moja Mama alimleta kwangu hospitalini bila kumwambia baba yake. Nilimtoa damu mwenyewe. Chembe nyekundu zilikuwa chini, nyeupe chini, na zile za kugandisha damu chini kabisa. Nilipomwomba atoe ulimi nikaona baka jeupe lisilofutika. Shingoni alikuwa na madoa ya rangi yaliyosukana kama wavu. Daktari wetu alisema kiwanda cha damu ndani ya mifupa kinafungwa, akamwandikia kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam.

Huko wakasema dawa pekee ya kweli ni kupandikizwa uloto wa ndugu, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Habari hiyo ilipofika Rungwe, ukoo ulikaa kikao, na kikao hakikuchukua muda. Tusa apewe wa Gwamaka, maana Gwamaka ndiye mwenye damu ya ukoo, kila mtu anaiona kichwani kwake. Lugano alipiga simu kutoka Ubaruku akasema naye apimwe. Alijibiwa asubiri kwanza. Gwamaka akapimwa, akaonekana analingana na mdogo wake, na nyumba ile ya Soweto ikaimba mpaka majirani tukaenda.

Nilisafiri nao kwenda Dar kwa sababu Mama aliniomba, alitaka mtu wa kumfafanulia maneno ya madaktari. Daktari wa damu alikuwa dada mdogo wa umri, mtaratibu, mwenye kusema "samahani" kabla ya kila swali. Mwalimu aliingia na Gwamaka, akajinyoosha, akamwambia, "Daktari, mwenye damu yetu huyu hapa."

"Nashukuru, Mzee. Samahani, kuna maswali ya kawaida nilikuwa sijayauliza. Kwenye ukoo wenu kuna aliyepata mvi mapema? Kabla ya miaka thelathini hivi?"

Mwalimu akatabasamu. "Tuulize nani hajapata."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, na nakumbuka alivyopaza sauti kidogo, ile sauti ya darasani. Babu yake alikuwa nazo, ila za utu uzima. Baba yake zilimtoka kwenye thelathini na kitu, akafa kwa kifua. Mdogo wake yeye Mwalimu zilimwahi, naye ini ndilo lililomwua, wala hakuwahi kuonja pombe. Yeye mwenyewe zilimtoka akiwa chuo cha ualimu. Gwamaka, ishirini. Tusa, sekondari. Kidole alichomhesabia Tusa kilikuwa bado kimekunjwa, naye akawa anakitazama, kidole na kucha yake.

"Kila kizazi mapema zaidi," Mwalimu akasema taratibu.

"Ndiyo, Mzee."

"Mtoto anaanza na ncha ambazo mzazi ameshazifupisha."

Daktari akamtazama vizuri. "Inawezekana. Ndiyo maana nataka tupime kwanza hilo. Kama Gwamaka naye ana tatizo lilelile, uloto wake hautamfaa dada yake. Tutampa seli zilezile zilizochoka."

Gwamaka alishika kichwa chake, juu pale penye mvi, kama mtu aliyeambiwa ana kitu kimemgandia. Mwalimu aliomba kutoka nje. Nilimkuta kwenye korido ameegemea ukuta. "Nimekata kamba miaka yote ile," akaniambia, "nikiwa nimevaa jibu kichwani." Nilimwonea huruma. Vilevile nilikuwa na hasira, nikamwuliza kama sasa atampigia Lugano, au tusubiri kwanza. Alipiga palepale.

Lugano aliiacha mashine kwa mumewe wakati wa mavuno, akafika Dar na vumbi la pumba kwenye mikunjo ya gauni. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Nilisema toka mwanzo nipimwe," akakunja mkono wa gauni. Sampuli zao zilipelekwa nje ya nchi, na majibu yalipokuja niliyasoma mimi kwa sauti kwa sababu Mwalimu alisema miwani yake haioni vizuri. Kosa lilikuwa kwenye maagizo ya protini moja kati ya zile sita, TPP1, ile inayompokea telomerasi kumwingiza kwenye ncha. Kwa wenye kosa hilo protini ipo, lakini mkono wake haushiki vizuri. Mwalimu analo kosa hilo, Gwamaka analo, Tusa analo. Lugano hana, na uloto wake unalingana na wa mdogo wake.

Mwalimu alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Kazi nyepesi," alisema. "Nilijipangia mwenyewe." Hakuna aliyecheka naye.

Tusa alipelekwa India, akapandikizwa uloto wa dada yake. Hazikuwa siku rahisi, sitazisimulia, nyingine sikuziona. Alirudi. Damu inayozunguka mwilini mwake sasa inatengenezwa na seli za Lugano, na nikiipima naona hesabu nzuri hadi natamani kuibandika ukutani. Nywele zilipoota upya zilitoka na mvi zake zilezile, kwa sababu nywele hazitoki kwenye uloto, wala mapafu wala ini. Vitu hivyo bado ni vyake, na daktari anavifuatilia. Tusa anajua, naye ameamua kusoma uuguzi. Gwamaka alinyoa upara.

Kwa Mwalimu mambo yalikwenda kinyume. Ile chaki ya miaka yote ilikuwa makovu kwenye mapafu, kosa lilelile likifanya kazi yake mahali pengine, na yakigeuka kovu hayarudi. Alistaafu kwa ugonjwa. Sebuleni pakawekwa mashine ya oksijeni, na kazi yangu ya ujirani ikawa kuvuka barabara kila umeme unapokatika, kuhakikisha mtungi wa akiba umefunguliwa sawasawa.

Jumapili moja mchana umeme ulikatika na kurudi, nikavuka. Nilikuta sebule imejaa. Ukoo ulikuwa umeshuka kutoka Rungwe, na aliyewaongoza alikuwa binamu yake mkubwa, ambaye watoto humwita Baba Mkubwa. Gwamaka alikaa karibu na baba yake. Lugano, aliyekuja kumwona baba, alikuwa anapitisha vikombe. Nilitaka kurudi, Mwalimu akanionyesha mahali pa kukaa.

"Tumekuja tusikie kwa mdomo wako," Baba Mkubwa alisema. "Atakayeshika nafasi yako kwenye ukoo, sisi tunajua ni Gwamaka. Ila useme mwenyewe."

Mwalimu alikuwa anaongea kwa vipande siku hizo, neno na pumzi, neno na pumzi. "Ni Lugano," akasema.

Baba Mkubwa aliwageukia wenzake. "Lugano ameolewa Ubaruku. Tena mwanamke. Tena hana hata unywele mmoja mweupe."

"Ndiyo sababu. Safari hii nataka mtu atakayezeeka."

Lugano alisimama na sinia mikononi. Sikuwa na pa kuweka macho, kwa maana Gwamaka alikuwa pale, kijana wa watu, miaka ishirini na sita, baba yake amekwisha kusema alichosema. Hakuinuka wala hakufoka. Aliuliza tu, "Na mimi je, Baba?"

"Wewe utapimwa kila mwaka. Hutagusa sigara. Hutakunywa pombe." Akapumzika. Mashine ikavuma. "Na ukimpata wa kuoa, utamwambia kabla. Uketi naye umwambie yote, na watoto wanaweza kuwa hivi. Mimi mama yenu sikumwambia, kwa sababu sikujua. Wewe unajua."

Gwamaka akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Lugano akaliweka sinia sakafuni, akaenda kukaa ubavuni mwa mdogo wake, akamshika goti. Baba Mkubwa alikuwa ameanza kutafuta neno la kujibu kuhusu urithi wa wanawake, lakini Mama alitokea mlangoni kutoka jikoni, mikono ikiwa na unga. Kumbe alikuwa anasikiliza muda wote.

"Hata ungejua ukaniambia," alimwambia mumewe, "ningekuja tu."

Mwalimu alifungua mdomo kumjibu. Pumzi haikutosha, akamnyooshea mkono.